Mada ya Kanieneo: Kwa Nini Mashine ya Kufyonza Haivuti Chochote

Mtahiniwa, tuanze na alama ambazo hupotea kirahisi. Swali lenyewe huwa jepesi: "Eleza jinsi mashine ya kufyonza vumbi inavyofanya kazi." Ninaposahihisha mitihani ya majaribio, karatasi nyingi huja na jibu hili: "Mashine huvuta hewa, na hewa hiyo huja pamoja na vumbi." Sentensi hiyo haina kosa la lugha. Hata fundi angeikubali. Lakini kwa msahihishaji wa Fizikia haina alama, kwa sababu imelirudia swali kwa maneno mengine bila kueleza kitu.

Hewa haishikiki ikavutwa. Huwezi kuifunga kamba. Chembe zake hazikuungana. Kila moja inakwenda njia yake, na kazi pekee inayoweza kuifanya kwa kitu kingine ni kukigonga na kukisukuma. Kwa hiyo kila unapokutana na neno kufyonza, iwe ni kwa mdomo, kwa bomba la sindano, kwa mashine ya vumbi au kwa pampu ya maji, jiulize swali moja: nani anasukuma, na anasukuma kutoka upande gani? Ukilijibu hilo, umepata alama. Kama mtihani wako ni wa Kiingereza, usijali. Lielewe jambo kwanza kwa lugha unayowazia, maneno ya Kiingereza unayo tayari kwenye daftari la darasani.

Mzigo tusiousikia

Juu ya vichwa vyetu kuna hewa inayopanda makumi ya kilomita, na hewa hiyo ina uzito. Uzito huo unagandamiza kila kitu kilicho chini. Katika usawa wa bahari, kwa mfano Tanga au Mombasa, kanieneo ya angahewa ni karibu paskali 101,325. Kwenye hesabu zetu tutatumia 100,000, yaani kani ya nyutoni 100,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua kiganja chako, tuseme kina upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 10. Eneo lake ni mita za mraba 0.01. Zidisha: hewa inakigandamiza kwa nyutoni 1,000, sawa na uzito wa gunia la kilo 100.

Mbona mkono haushuki? Kwa sababu hewa iliyo chini ya kiganja inasukuma kwenda juu kwa kani ileile. Pande mbili zinalingana, nawe husikii chochote. Tunaanza kuusikia mzigo huu pale tu upande mmoja unapopunguziwa hewa. Andika hilo pembeni ya ukurasa: kinachofanya kazi ni tofauti ya kanieneo, si kanieneo yenyewe.

Evangelista Torricelli, Mwitalia, ndiye aliyeonyesha mwaka 1643 kwamba hewa inaweza kuinua nguzo ya zebaki ya karibu sentimita 76 ndani ya mrija wa kioo uliozibwa juu. Miaka michache baadaye, Otto von Guericke wa Magdeburg, Ujerumani, aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akatoa hewa ndani yake kwa pampu, na farasi waliofungwa pande zote mbili wakashindwa kuzitenganisha. Hakukuwa na gundi. Hewa ya nje ilizibana, na ya ndani ya kuisukuma irudi haikuwapo.

Ndani ya mashine ya vumbi

Huenda nyumbani kwenu hakuna mashine hii. Sakafu ya saruji inahitaji ufagio na tambara tu. Lakini umeiona kwenye sehemu za kuoshea magari, hotelini, au msikitini siku ya kusafisha mazulia. Ina sehemu nne za kukumbuka: mpira mrefu wenye mikunjo, mfuko au chujio la kushika vumbi, feni, na mota ya kuizungusha feni.

Mota inaizungusha feni kwa kasi kubwa mno, mara nyingi mizunguko 20,000 au zaidi kwa dakika. Mapanga ya feni yanairusha hewa kutoka katikati kwenda pembeni, kisha inatoka nyuma ya mashine. Katikati ya feni inabaki hewa haba, kwa hiyo kanieneo inashuka. Kwenye mashine ya kawaida ya nyumbani, mdomo ukiwa umezibwa, inaweza kushuka kwa karibu paskali 20,000, kutoka 100,000 hadi 80,000. Basi hapo ndipo mfanyakazi halisi anapoingia: hewa ya chumbani, ambayo bado ina 100,000, inakimbilia ndani ya mpira kwa kuwa huko upinzani ni mdogo. Inapopita kwa kasi kati ya mdomo wa mashine na zulia, inayasukuma mavumbi na kwenda nayo. Kwenye mfuko, hewa inapenya vitundu vidogo, vumbi linabaki.

Tazama basi: mashine haikuligusa vumbi. Ilipunguza hewa upande mmoja, na chumba chenyewe kikafanya usafi.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu hubishana nalo kila mwaka. Ukiuziba mpira kwa kiganja mashine ikiwa inafanya kazi, mlio wake unapanda na kuwa mwembamba. Wengi husema mota "inateseka" kwa sababu imezidiwa na kazi. Ni kinyume chake. Mpira ukizibwa, hewa haipiti tena, feni haina hewa mpya ya kurusha, mzigo wa mota unapungua, nayo inazunguka kwa kasi zaidi. Hatari inayokuja ni joto, kwa sababu katika mashine nyingi hewa ileile inayopita ndiyo inayopoza mota. Ndiyo maana mfuko uliojaa unaweza kuiunguza mashine ingawa mota haibebi mzigo mkubwa.

Jambo hilohilo linafundisha kingine. Mdomo ukigandamana kabisa na sakafu, tofauti ya kanieneo inakuwa kubwa kuliko wakati wowote, lakini hakuna vumbi linalokwenda, kwani hewa haitembei. Ukiuinua mbali na sakafu, hewa inapita kwa wingi lakini haina nguvu ya kung'oa mchanga ulio ndani ya zulia. Kusafisha kunahitaji vyote viwili: tofauti ya kanieneo na mwendo wa hewa. Kwa sababu hii mdomo wa mashine huachwa na nafasi ndogo chini yake.

Historia ya mashine hii ni fupi. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alitazama mashine iliyopuliza vumbi kwenye viti vya magari ya reli, akaona vumbi linahama tu kutoka kiti hiki kwenda kile. Akajiuliza kama kinyume chake kingewezekana. Inasimuliwa kwamba aliweka kitambaa juu ya kiti cha mgahawa, akaweka mdomo juu yake, akafyonza. Kitambaa kikabaki na alama ya vumbi. Mashine yake ya kwanza ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Ilisimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani.

Kwa nini mpira una mikunjo

Swali hili hupendwa na watunga mitihani, maana linaonyesha nani ameelewa. Tukokotoe.

Chukua kipande cha mpira chenye kipenyo cha sentimita 3.2 na urefu wa sentimita 10. Ndani yake kanieneo ni paskali 80,000, nje ni 100,000. Tofauti ni 20,000. Eneo la ukuta wake wa nje ni pai × kipenyo × urefu = 3.14 × 0.032 × 0.1, ambayo ni karibu mita za mraba 0.01. Kani yote inayoubana kutoka pande zote ni 20,000 × 0.01 = nyutoni 200. Hiyo ni kwa kipande kifupi kama kalamu. Mpira laini kama ule wa kumwagilia bustani ungenywea na kujiziba palepale, jinsi pakiti ya juisi inavyonywea unapoifyonza kwa mrija. Kwa hiyo wanauwekea waya au uti wa plastiki unaozunguka kama springi, na mikunjo. Mikunjo inaufanya ustahimili kubanwa na bado upinde bila kukunjika. Gharama yake ni kwamba mikunjo ya ndani inaongeza msuguano wa hewa, na mpira ukiwa mrefu sana nguvu inayofika mdomoni hupungua.

Ukitaka mfano wa nyumbani zaidi, nenda shambani kwa mkulima wa vitunguu au nyanya anayemwagilia kwa pampu ya petroli. Pampu ina mipira miwili. Ule unaoingia mtoni ni mgumu, una uti unaozunguka. Ule unaopeleka maji shambani ni bapa, unakunjwa kama mkanda. Wa kwanza kanieneo ya ndani ni ndogo kuliko ya nje, hivyo hewa inataka kuuponda. Wa pili kanieneo ya ndani ni kubwa kuliko ya nje, hivyo maji yenyewe yanauvimbisha. Ukiibadilisha mipira hiyo, ule bapa utajibana na maji hayatapanda. Mchoro wa pampu hiyo ukitokea kwenye mtihani, sasa unajua kwa nini.

Kutoka zuliani hadi bwawani

Bwawa la kuogelea husafishwa kwa kanuni hiyohiyo, ila badala ya hewa kupita kwenye mpira, hupita maji. Mfanyakazi anafunga kichwa cha kusafishia kwenye mti mrefu, anakizamisha hadi sakafuni, na mpira wake wenye mikunjo unaunganishwa na tundu la pembeni linaloelekea kwenye pampu. Pampu inapunguza kanieneo kwenye mpira. Nani anasukuma? Angahewa inayoukandamiza uso wa bwawa, ikisaidiwa na uzito wa maji. Katika kina cha mita 2, kanieneo ni 100,000 + (densiti × g × kina) = 100,000 + (1,000 × 10 × 2) = paskali 120,000. Maji ya chini yanaingia kwenye kichwa yakisomba mchanga na majani, yanapita kwenye chujio, kisha yanarudi bwawani.

Angalia anachokifanya kabla ya kuunganisha. Anaushika mdomo wa mpira kwenye tundu linalorudisha maji bwawani, mpaka mpira ujae na mapovu yaishe upande wa pili. Ndipo anauhamishia kwenye tundu la kufyonza. Akisahau, hewa iliyo ndani ya mpira inaingia kwenye pampu, na pampu inanguruma bure bila kusukuma maji.

Sababu yake ni densiti. Pangaboi la pampu linafanya kazi kwa kukirusha kilichomo ndani yake, na hewa ni nyepesi kuliko maji kwa zaidi ya mara 800. Kwa kasi ileile ya kuzunguka, tofauti ya kanieneo inayopatikana kwenye hewa ni ndogo zaidi ya mara 800 kuliko kwenye maji. Haitoshi kuyainua maji. Utauliza: mbona mashine ya vumbi inaweza kutumia hewa? Kwa sababu pangaboi la pampu ya bwawa kwa kawaida huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na feni ya mashine ya vumbi huzunguka mara kadhaa ya hapo. Kila moja imeundiwa kitu chake.

Mita kumi, basi

Hapa ndipo hesabu inapogusa mifuko ya watu. Jirani yangu alichimba kisima chenye maji kwenye kina cha mita 14. Dukani akauziwa pampu ya kukaa juu ya ardhi. Haikutoa tone. Akarudi, akauziwa kubwa zaidi, ya bei karibu mara mbili. Nayo haikutoa tone. Aliponieleza nilikuwa nimetoka kufundisha mada hii, na niliona aibu kumwambia kwamba jibu limo kwenye daftari la kidato cha pili.

Fikiri: hata pampu ikiondoa hewa yote kwenye bomba, anayeyasukuma maji yapande ni angahewa tu, na uwezo wake ni paskali 100,000. Maji yatapanda mpaka uzito wa nguzo yao ulingane na kanieneo hiyo:

kimo = kanieneo ÷ (densiti × g) = 100,000 ÷ (1,000 × 10) = mita 10.

Ukubwa wa pampu haumo kwenye hesabu hiyo. Kwa vitendo huwezi hata kuzifikia hizo 10, kwa sababu ya msuguano, uvujaji, na maji kuanza kugeuka mvuke kanieneo inapokuwa ndogo sana. Mafundi huishia karibu mita 7. Kwenye nyanda za juu hali ni ngumu zaidi. Mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama sehemu nyingi za Njombe, angahewa ni karibu paskali 80,000, na ukomo wa hesabu unashuka hadi mita 8. Jirani alihitaji pampu ya kuzamishwa, inayokaa chini ndani ya maji. Hiyo inayasukuma kutoka chini, haingojei angahewa, na inaweza kuyapandisha makumi ya mita.

Tundu lililo chini ya bwawa

Mabwawa mengi yana tundu la kufyonza sakafuni. Hili halimo sana kwenye mitihani, lakini wengi wenu mtaogelea siku ya mahafali au likizoni, kwa hiyo nalikokotoa hapa.

Chukulia tundu lenye mfuniko wa sentimita 20 kwa 20, na mtu amelifunika lote kwa mgongo. Maji hayapiti tena, na kanieneo nyuma yake inashuka. Tuseme tofauti imefika paskali 20,000 tu. Eneo ni 0.2 × 0.2 = mita za mraba 0.04. Kani ni 20,000 × 0.04 = nyutoni 800, kama kunyanyua kilo 80 ukiwa chini ya maji, bila pumzi. Tofauti ikiongezeka, kani nayo inaongezeka. Mtoto hawezi kujinasua, na mtu mzima anayemvuta anaweza kushindwa.

Mwaka 2002 huko Marekani, mtoto wa miaka 7, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, alinaswa na tundu la namna hii kwenye bwawa dogo la maji moto, akafa maji. Mwaka 2007 bunge lao likapitisha sheria ya kulazimisha mifuniko salama kwenye mabwawa ya umma. Mifuniko hiyo imebinuka ili mwili usiweze kuifunika yote. Njia nyingine ni kuweka matundu mawili yaliyoachana, yakitumia pampu moja: ukiziba moja, maji yanapita kwenye lingine na tofauti ya kanieneo haikui.

Niliwahi kupeleka wanafunzi kwenye bwawa la hoteli moja nikakuta mfuniko wa chini umeng'oka, tundu liko wazi. Tulikaa kwenye viti tukanywa soda. Walininunia, lakini hakuna aliyeingia majini. Nawe ukiona mfuniko umevunjika au haupo, usiingie. Funga nywele ndefu, kwa kuwa zinaweza kuingia kwenye vitundu na kujisokota huko. Mtu akinaswa, zima pampu kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inayodumisha tofauti. Usimvute moja kwa moja juu. Ingiza vidole ukingoni mwa mwili wake na umbandue kwa pembeni. Ufa mdogo ukipatikana maji yanaingia, kanieneo za pande mbili zinakaribiana, na kani inaanguka.

Maswali ya kujipima

Jibu kwenye karatasi kabla ya kusoma majibu.

1. Mdomo wa mashine ya vumbi una eneo la mita za mraba 0.0008. Tofauti ya kanieneo ni paskali 20,000. Je, inaweza kuinua kitabu cha kilo 1.2 ikigandamana nacho bila kupitisha hewa?

2. Mpira wa kusafishia bwawa una ufa. Ufa ukiwa juu ya maji, pampu inaacha kusukuma maji. Ufa ukizamishwa, pampu inaendelea, lakini uchafu wa sakafuni hauondoki vizuri. Eleza.

3. Mwanaanga akienda na mashine ya kufyonza vumbi mwezini, itasafisha?

Majibu

1. Kani = 20,000 × 0.0008 = nyutoni 16. Uzito wa kitabu = 1.2 × 10 = nyutoni 12. Kitainuka. Usiandike "mashine imekivuta". Andika kwamba hewa iliyo chini ya kitabu imekisukuma juu, kwa kuwa kanieneo yake ni kubwa kuliko ya ndani ya mpira.

2. Ufa ukiwa juu ya maji, angahewa inasukuma hewa ndani ya mpira kupitia ufa huo. Hewa ina densiti ndogo, hivyo pampu haiwezi kuendeleza tofauti ya kutosha. Ufa ukizamishwa, kinachoingia ni maji, nayo pampu inayamudu. Ila sehemu ya maji inaingilia kwenye ufa badala ya kupitia kichwa cha kusafishia, kwa hiyo mkondo wa kusomba uchafu sakafuni umepungua.

3. Hapana. Mwezi hauna angahewa ya kutosha kusukuma chochote. Mota ikiwa na betri itazunguka na feni itazunguka, lakini kanieneo ya ndani na ya nje zote ni karibu sifuri, na vumbi la mwezini litabaki palepale.